Mbegu ya Nyumba Mbili

Mbegu ya tumbaku ni ndogo kiasi kwamba ukipiga chafya imekwenda. Nimewahi kumwona mume wangu, mtu mzima na miwani yake, akizitafuta juu ya meza ilhali zimemganda kidoleni. Kifuko kimoja cha mbegu kikikauka hutoa miche ya kujaza bustani yako, ya jirani yako na ya jirani yake, na zote hizo zinaenea kwenye kifuniko cha kalamu. Ndiyo maana watu huzidharau. Mimi sizidharau, kwa sababu mama yangu alipofariki aliniachia chupa moja ya mbegu hizo, akamwachia mdogo wangu chupa nyingine, na hakutuachia kitu kingine cha maana.

Zamani alikuwa nazo aina tatu. Moja aliiita Ulimi wa Mbuzi, jani jembamba lililochongoka. Nyingine ni Mkaidi, mmea mfupi wenye maua ya manjano, mkali hata mbwa walikuwa wakiuzunguka kwa mbali. Ya tatu ni Kofi la Bibi, jani pana kama kofi la mtu aliyekasirika kwelikweli. Ulimi wa Mbuzi ulipotea kwa sababu mama aliupanda karibu na Kofi bila kufunika maua. Nyuki wakafanya kazi yao, na mwaka uliofuata yakaota majani yasiyojulikana baba wala mama. Mkaidi tuliupoteza kuku walipoingia kitaluni. Likabaki Kofi peke yake. Mama alilipata kwa mama yake, naye kwa wa kwake, na huko nyuma zaidi hatukuuliza, kwa kuwa mama hakuwa mtu wa kuulizwa mara mbili.

Baada ya hasara hizo akaweka sheria. Mbegu lazima ilale nyumba mbili, kwangu na kwa mdogo wangu. Mwaka huu nalima mimi, mwaka ujao analima yeye, ili udongo wa asiyelima upumzike, maana tumbaku ni mlafi wa udongo. Aliyelima anajaza chupa mbili mpya, yake na ya mwenzake, na ya mwenzake anaipeleka kwa mkono wake mwenyewe, hamtumi mtu. Mwenzake akiipokea, anachukua chupa yake ya zamani na kuimimina kwenye makaa palepale, aliyeleta akiwa anatazama. Mama alisema mbegu ya zamani na mpya katika nyumba moja ni wake wenza: leo wanasalimiana, kesho hujui mtoto ni wa nani. Na jambo la mwisho, mbegu isitoke nje ya nyumba hizo mbili. Jirani yangu mmoja, mwalimu, aliniomba mara kadhaa. Nilimpa tabasamu na miche ya nyanya.

Ni sheria nzuri. Ina tundu moja tu, nalo ni kwamba huyo mwenzako lazima awe mtu wa kuaminika. Hatukuliona tundu hilo, kwa sababu huyo mwenzangu ni wa tumbo moja na mimi.

Mdogo wangu tunamwita Kitinda, kwa kuwa ndiye aliyefunga mlango wa tumbo la mama. Ni msusi, anakaa mji mwingine, mwendo wa nusu siku kwa basi. Nilimbeba mgongoni mpaka nikawa natembea nimeinama hata asipokuwepo. Nilimfundisha kusema, na alipojifunza kusema nilimfundisha kunyamaza, jambo ambalo halikushika. Nilikuwa najua uongo wake kabla hajaumaliza. Au nilidhani najua.

Mimi ni fundi wa cherehani na mume wangu ni fundi wa majokofu, kwa hiyo nyumbani kwetu ukiita "fundi" tunaitika wawili. Bustani yangu iko nyuma ya nyumba, kati ya ukuta wa bafu na majokofu mabovu ambayo mume wangu anaapa kwamba yatapona. Watu hudhani nalima tumbaku kwa sababu naipenda. Sinusi ugoro mimi. Ukinipa chembe tu napiga chafya hadi uzi unachomoka kwenye sindano. Nalima kwa sababu nilipewa. Ugoro wenyewe ulikuwa wa mama na rafiki zake, na sasa umebaki wa rafiki mmoja, Mama Maziwa, mchuuzi wa maziwa anayepita dirishani kwangu kila asubuhi na kunyoosha kikopo chake kabla hata ya kusalimu.

Mwaka jana ilikuwa zamu ya Kitinda kulima. Nilimpigia simu mara nyingi kuliko alivyopenda.

"Kitinda, majani yamefika wapi?"

"Kiunoni, dada."

"Kiuno cha nani? Chako au cha mtoto?"

"Dada na wewe! Changu."

"Maotea unayaondoa? Usiyaache, yanakula nguvu ya jani."

"Nayaondoa kila jioni. Nina kucha nyeusi kama fundi wa magari."

Nilicheka. Utomvu wa tumbaku hunata vidoleni na kuacha weusi usiotoka kwa sabuni, na kwa msusi hilo ni janga. Nikamuuliza kama ameacha mche mmoja wa mbegu na kufunika ua lake. Akasema amelifunika kwa ule mfuko niliomshonea, wa pamba nyepesi nyeupe, wenye kamba ya kukaza chini ili nyuki asipate hata pa kupenyeza mguu. Nikamwambia nataka kuja kuona. Akasema nisije, wanakarabati nyumba, vumbi mpaka kwenye chai, hata pa kulala hakuna. Nami nilikuwa na sare za shule za kushona, kitambaa cha bluu kimejaa chumba kizima. Nikaona heri, nitaona mbegu zikija.

Zikaja. Kitinda alishuka kwenye basi na kibegi kidogo, amependeza, nywele zimesukwa mtindo ambao sikuujua jina. Alinikumbatia muda mrefu. Ndani ya nyumba akatoa chupa, ile ya dawa ya kikohozi tunayotumia siku zote, na vipande vya mkaa ndani yake vya kunyonya unyevu. Akaiweka mezani. Nikaishika juu ya mwanga wa dirisha. Mbegu za tumbaku zote ni vumbi la kahawia, za mama na za mtu mwingine yeyote. Hakuna jicho linaloweza kuzitofautisha.

"Na majani?" nikamuuliza. "Mama Maziwa amenisumbua na kikopo chake."

Akainamisha kichwa. "Majani yalioza, dada. Niliyatundika chini ya paa, mvua ikavuja. Yakaota ukungu yote."

Niliona machozi yanamlengalenga. Na mimi, kwa akili zangu zote, nikamfariji. Nilimwambia majani si kitu, majani yatakuja mengine, kitu ni mbegu, na mbegu ameleta. Nilimwambia mama angejivunia. Kila nikikumbuka maneno hayo natamani kuyarudisha mdomoni na kuyatafuna.

Tukatoka uani kwenye jiko la mkaa. Nilileta chupa yangu ya zamani, mbegu za mwaka wangu wa kulima, nilizozifunika mwenyewe na kuzikausha mwenyewe. Makaa yalikuwa yamefifia. Kitinda akachukua kipepeo, akachuchumaa, akaanza kupepea. Alipepea vizuri, kama nilivyomfundisha, mpaka makaa yakawa mekundu pande zote. Nikafungua chupa nikamimina. Mbegu za tumbaku zina mafuta, kwa hiyo hulia zikiungua, vimlio vidogo vingi, halafu kimya. Moshi ukapanda.

"Mbona umenyamaza?" nikamuuliza.

"Moshi, dada," akasema, na kujifuta macho.

Nilidhani amemkumbuka mama. Nikamshika bega tukasimama hivyo mpaka moshi ukaisha. Jioni nikamfungia unga wa mahindi, na nguo mbili nilizomshonea, na siku ya pili akaondoka.

Msimu ulipofika nikaandaa kitalu. Mbegu ya tumbaku haizikwi, ukiizika umeiua. Unaichanganya na majivu makavu ili mkono uone inakoangukia, unainyunyiza juu ya udongo uliochekechwa, unaifunika kwa nyasi chache, na maji unayamwaga kupitia kopo lililotobolewa matundu madogo, polepole. Nilifanya yote hayo nikiimba. Mume wangu alisema nikiimba hivyo majokofu yake yatapona yenyewe.

Miche ikaota vizuri. Nikaihamishia bustanini. Ikanywea kwa jua la kwanza, kisha ikasimama. Na ilipofika magotini, nikaanza kujidanganya.

Jani la Kofi la Bibi halina kikonyo. Linatoka moja kwa moja kwenye shina na kulikumbatia kwa masikio mawili mapana, ukilivuta linakuja na ngozi ya shina. Haya yalikuwa na vikonyo. Vifupi, lakini vikonyo. Nikasema ni machanga, yakikua yatabadilika. Hayakubadilika. Nikasema ni mbolea, nimeweka samadi mbichi. Nikasema ni mvua. Nikaulaumu ukuta wa bafu kwa kivuli chake, ingawa ukuta huo haujahama tangu tuhamie hapo. Penye kupenda mtu hapakosi sababu, na mimi nilikuwa nazo tele.

"Fundi," mume wangu akaniambia siku moja, amesimama na bisibisi mkononi, "hii ni ile ile?"

"Ni ile ile."

"Mbona inaniangalia kama mgeni?"

"Wewe angalia majokofu yako."

Nilimpigia Kitinda. Nikamwambia majani yana vikonyo. Akasema labda ni udongo umechoka, dada, au labda ni joto la siku hizi, kila kitu kimebadilika. Sauti yake ilikuwa laini kabisa. Nikamshukuru.

Kisha mche niliouacha wa mbegu ukachanua. Ua la Kofi la Bibi ni la rangi ya waridi iliyoiva, karibu na wekundu, mama alikuwa akilifananisha na ufizi wa mtoto mchanga. Hili lilikuwa jeupe, lenye waridi kidogo tu kwenye mdomo. Nilisimama mbele yake na mfuko wa pamba mkononi. Nilikuja kulifunika lisichafuliwe na nyuki, nikajikuta sina ninachokilinda.

Hata hapo sikutaka kusema. Nilikata jani moja bichi, nikampelekea Mama Maziwa dirishani. Hakuuliza kitu. Alilisugua kati ya viganja, akalinusa, akalirudisha.

"Hili linauzwa sokoni kwa mafungu," akasema. "Unataka nini, nikusifie?"

"Si la mama?"

"La mama yako lingenitoa machozi saa hizi. Hili linanuka nyasi." Akachukua ndoo yake ya maziwa. "Uliza aliyekuletea, mwanangu. Mimi ni wa maziwa tu."

Siku iliyofuata nilifunga cherehani, nikapanda basi. Sikupiga simu. Njia nzima nilikuwa napanga maneno, na maneno yote yalikuwa ya kumtetea. Pengine nyuki walipenya. Pengine mfuko ulichanika. Pengine jirani yake alipanda tumbaku ya sokoni bila yeye kujua. Nilikuwa wakili wake, naye hakuwa hata na habari kwamba ana kesi.

Saluni yake iko mbele ya nyumba. Nilikuta wanawake wawili wamekaa chini ya mashine za kukausha nywele na mwingine nusu kichwa kimesukwa nusu kimesimama. Kitinda aliponiona alidondosha kitana.

"Dada! Karibu! Mbona bila taarifa?"

"Nimekuja kuona bustani."

Wateja walitabasamu. Yeye hakutabasamu. Akamwambia yule wa nusu kichwa amsubiri kidogo, akanitangulia kupita ukumbini na jikoni mpaka mlango wa nyuma. Akaufungua, akasimama kando ili nipite.

Uani palikuwa saruji. Saruji tupu, iliyosawazishwa vizuri, yenye mteremko mdogo wa kupeleka maji kwenye mfereji. Pale palipokuwa na tumbaku palisimama tangi kubwa jeusi la maji, na bomba lake lilipita ukutani kuelekea saluni. Taulo nyingi zilikuwa zimeanikwa kwenye kamba. Hapakuwa na udongo hata wa kujaza kijiko.

"Lini?" nikauliza.

"Kabla ya zamu yangu, dada. Saluni ilikuwa inahitaji maji."

"Kwa hiyo mwaka jana hukupanda kabisa."

"Sikupanda."

"Na kucha nyeusi?"

Akatazama vidole vyake, kana kwamba ndivyo vilivyosema uongo.

"Chupa niliyokupa iko wapi?"

Akaniambia. Mafundi wa ujenzi walisafisha rafu ya jikoni siku ambayo yeye hakuwepo, wakazoa kila kitu pamoja na vifusi, gari likaja likabeba. Alitafuta. Alifika mpaka jalalani, akafukua kwa mikono. Hakuona kitu. Ndipo akanunua mbegu kwa mwanamke wa sokoni, akazitia kwenye chupa ya dawa ya kikohozi, akaweka na mkaa.

"Niliogopa, dada. Unajua unavyokuwa."

Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Nilikuwa nimekasirika, sina haja ya kuficha, nilikuwa na hasira ya kuuma mtu. Lakini nitasema kweli: nilianza kulegea. Nina mdomo, hilo hata majokofu yanajua. Kama mtu ameangusha kitu cha mama, na ana dada mwenye mdomo kama wangu, hofu inaeleweka. Alikuwa amepiga magoti juu ya saruji yake, analia kwa sauti ndogo ili wateja wasisikie, na mgongo wake ni uleule niliokuwa nausugua kwenye beseni. Nikasema moyoni, ajali ni ajali, na maji yakimwagika hayazoleki. Nilikuwa nimeshanyoosha mkono kumgusa kichwa.

Ndipo shemeji yangu, mume wa Kitinda, akatokea mlangoni. Ni dereva wa gari la maji, mtu mpole, mwenye mwili mkubwa na sauti ya mtoto. Alikuwa na soda mbili mkononi, maana alikuwa amesikia saluni kwamba shemeji mtu amekuja. Akatutazama, mimi juu ya ndoo, mke wake chini, akaelewa kwamba mambo yamesemwa. Akadhani yamesemwa yote.

"Afadhali limetoka, shemeji," akasema, akinipa soda. "Lilikuwa linatutafuna humu ndani. Mimi nilimwambia siku ile ile, kabla hajapanda basi kuja kwako. Nilimwambia, mke wangu, fanya yote, lakini mwambie dada yako asichome ya kwake. Hiyo ndiyo imebaki. Tafuta hata kisingizio."

Kitinda aliinua uso. "Baba, nyamaza."

"Naye akakujibu nini?" nikauliza.

Shemeji alitazama soda yake. Sasa alikuwa ameona kwamba ameingia pasipo njia, lakini si mtu wa kudanganya, hana hata kipaji hicho.

"Akakujibu nini, shemeji?"

"Alisema, 'Akichoma, basi tumepumzika sote.'"

Kutoka saluni niliisikia mashine moja ikizimwa, na mwanamke akimwambia mwenzake kwamba sasa masikio yake yanasikia tena. Mimi sikusikia kitu kingine kwa muda. Nilikuwa naona kile kipepeo cha jiko. Makaa yalikuwa yamefifia siku ile. Kama asingepepea, pengine ningeahirisha mpaka baada ya chakula, pengine mvua ingenyesha. Alichuchumaa akapepea mpaka yakawa mekundu. Panya huuma huku akipuliza, na aliyelala haamki. Mimi sikuwa nimelala. Nilikuwa macho, nimemshika bega.

"Ulisema hivyo?" nikamuuliza.

"Dada..."

"Nimekuuliza. Ulisema?"

"Nilisema."

Aliinuka, akajifuta magoti. Machozi yalikuwa yamemkauka, na uso uliobaki sikuwa nimewahi kuuona, uso wa mtu mzima aliyechoka.

"Nilisema na nilikuwa na maana yake," akaendelea. "Tangu mama afe hujawahi kunipigia simu kuuliza habari zangu. Unauliza majani. Unauliza maotea. Nilipoteza mimba, ukaniambia pole halafu ukauliza kama nimekata vilele. Hukumbuki, najua. Mimi nakumbuka. Nikasema hii kitu ikiisha, labda nitabaki na dada."

Maneno hayo yalinichoma, na sitasema hayakunichoma. Lakini hasira nayo ilikuwa na haki yake, na ilikuwa ya kwanza kwenye foleni.

"Ungerudisha chupa," nikamwambia. "Kabla ya saruji. Ungesema, dada, sitaki tena, lima wewe kila mwaka."

"Ungekubali?"

"Ningekutukana. Halafu ningekubali."

"Hunijibu kweli."

"Basi usiniulize kweli, wewe! Neno moja, Kitinda. 'Usichome.' Hata bila sababu. Hata kwa kunitania. Ulikuwa karibu nami kuliko ulivyo sasa. Ulikuwa unanipepelea jiko!"

Shemeji aliweka soda chini, akatoka taratibu. Kitinda aliangalia tangi la maji kana kwamba litamsaidia. Nikasubiri. Nilisubiri aseme kwamba alijaribu, kwamba neno lilimfika mdomoni likakwama, kwamba moshi haukuwa uongo. Ningelipokea hata kama ni la kubuni. Alisema tu, "Sasa imekwisha, dada. Tufanyeje?"

Nilinyanyua mkoba wangu. Nilipita saluni, nikawaaga wale wanawake vizuri, maana hawakunikosea kitu. Yule wa nusu kichwa akaniuliza kama msusi wake anarudi. Nikamwambia anarudi.

Nyumbani sikulala wala sikula vizuri kwa siku kadhaa, na mume wangu alikuwa akitembea kwa vidole ndani ya nyumba, mtu mwenye kilo zake. Alipoona nimechukua jembe alinifuata mpaka bustanini.

"Mmea hauna kosa, fundi," akasema. "Mama Maziwa anaweza kuutumia."

"Anajua njia ya sokoni."

Niling'oa yote. Najua mmea hauna kosa, lakini siku ile sikuwa na nafasi ya kutenda haki. Nilirundika majani na mashina nikayatia moto, na hayakulia hata kidogo, yalikuwa mabichi, yalitoa moshi mzito ulioingia chumbani na kunukisha sare zote za shule. Nikazifua upya. Yule jirani mwalimu alichungulia juu ya ukuta akauliza kuna nini. Nikamwangalia mtu ambaye kama ningempa mbegu kidogo tu, akaipanda hata kwenye kopo, leo ningegonga mlango wake. Nikamwambia nachoma takataka.

Mama Maziwa nilimweleza mwenyewe. Alisikiliza akiwa ameegemea dirisha. Akafunika kikopo chake, akakitia kifuani, akaniambia pole ya kweli, ile ya msiba. Tangu hapo ananisalimu kwanza.

Kitinda hupiga simu kila Jumapili. Mwanzoni sikupokea. Mume wangu alisema damu ni damu, nami nikamwambia kikulacho ki nguoni mwako, akaniambia hata hivyo huwezi kutembea uchi. Basi nikaanza kupokea. Sasa tunazungumza vizuri sana. Namuuliza saluni inaendaje, wateja wapo, mgongo unaomuuma kwa kusimama kutwa umepona, shemeji hajambo. Namuuliza kila kitu alichosema sikumuuliza. Anajibu kwa furaha, anaeleza kirefu, wakati mwingine anacheka kile kicheko chake cha utotoni. Amepata dada aliyekuwa akimtaka. Mimi nakaa na simu sikioni, nazunguka na maneno ya adabu, nasubiri amalize.

Jumapili iliyopita aliniuliza kwa sauti ya woga kidogo, "Dada, na bustani? Umepanda nini safari hii?"

Nilikuwa nimekaa kizingitini, bustani iko mbele yangu. Ilikuwa tupu. Sijatia jembe tangu siku ile, magugu yameanza kuingia kutoka upande wa majokofu.

"Vitunguu," nikamwambia.

"Ee! Vimeshika?"

"Vimeshika vizuri."

Katika maisha yangu yote sikuwa nimewahi kumdanganya mtoto huyu. Nilitegemea sauti itanikwama, au ataniuliza tena, kwa kuwa yeye pia alijifunza kusema kutoka kinywani mwangu na angepaswa kunijua. Haikukwama. Ilitoka laini kabisa. Nikamsikia akishusha pumzi upande wa pili, amefarijika, ananiambia vitunguu ni jambo zuri, dada, vitunguu havina shida. Aliniamini.